Wote Wawili ni AS, na Kadi za Michango Zimeshagawiwa

"Dada, nina miaka 27, nipo Mwanza. Harusi yetu ni Desemba, mahari imeshatolewa na kadi za michango zimeshagawiwa. Kanisani walitutuma tukapime VVU, na kwa kuwa mdogo wa mchumba wangu ana siko seli, tukaomba na kipimo hicho. Majibu yakatoka: mimi AS, yeye AS. Kumbe wote ni wagonjwa! Mama anasema nirudishe pete. Mchumba anasema Mungu yupo. Nimsikilize nani?"

Mdogo wangu, hilo la "wote ni wagonjwa" tuliondoe kwanza, ndipo tuongee. Nyinyi si wagonjwa.

Kila mtu amerithi nakala mbili za jeni inayotengeneza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Nakala moja umepewa na mama, nyingine na baba. Ya kawaida inaitwa A, yenye hitilafu inaitwa S. Ukiwa na A mbili, wewe ni AA. Ukiwa na moja moja, ni AS, na ile A moja inatosha kukufikisha uzeeni: utasoma, utalima, utazaa, utacheza rede na watoto wako. Mwenye AS hahitaji dawa wala kliniki. Akitaka kupanda mlima mrefu au kufanyiwa upasuaji, amtajie daktari tu, basi. Mgonjwa ni yule mwenye S mbili, yaani SS. Chembe zake zikipungukiwa oksijeni hupinda na kukakamaa, zikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo yale maumivu ya mifupa yanapoanza, ambayo huyo mdogo wa mchumba wako anaweza kukusimulia vizuri kuliko mimi. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120, ya SS huishi wiki mbili tatu hivi, ndiyo maana damu yao haikai juu.

Na hitilafu yenyewe ni herufi moja tu iliyobadilika, katika maandishi ya urithi yenye herufi kama bilioni tatu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za chembe zilizopinda alizoziona kwenye damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba himoglobini yenyewe ndiyo iliyo tofauti, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, pale Cambridge, akakiona hadi kile kiungo kimoja cha protini kilichobadilika. Katika magonjwa yote ya kurithi, huu ndio uliotangulia kujulikana chanzo chake kwa undani namna hiyo. Halafu mtu wa leo, mwenye simu ya kisasa mkononi, anakuambia mtoto ana jini.

Mama yako bila shaka anajiuliza imekuwaje hitilafu hiyo ikawapata wote wawili, na nyinyi si ndugu. Mdogo wangu, kwenu huko kanda ya ziwa si ajabu hata kidogo. Kuna mwanasayansi aliyeitwa Anthony Allison, alikulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchini humo akipima damu za watu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta wenye AS wengi, sehemu nyingine zaidi ya mmoja katika kila watu watano. Nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna. Akawaza: kule chini kuna nini ambacho huku juu hakipo? Mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake kwamba AS inamkinga mtoto dhidi ya malaria, na tafiti za baadaye za Kilifi zikaonyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali inafika asilimia 90 hivi. Kwa hiyo bibi wa bibi yako alipona malaria utotoni pengine kwa sababu ya hiyo S, akakua, akazaa, ikashuka hadi kwako. Tanzania inakadiriwa kupata watoto kama 11,000 wenye selimundu, yaani hiyo siko seli, kila mwaka, ni miongoni mwa nchi za juu kabisa duniani. Waganda walipochukua sampuli karibu 98,000 za damu za watoto wachanga, zile zile zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya kupima VVU, wakakuta asilimia 13.3 ni AS. Hebu hesabu waliopo kwenye kamati yako ya harusi, uone wangapi wanaibeba na hawajui.

Sasa hesabu yenu. Kila mimba ni kama mnarusha sarafu mbili, wewe yako na yeye yake, upande mmoja A na upande mwingine S. Zikianguka zote S, mtoto ni SS. Uwezekano huo ni robo. Nusu ni kupata AS kama nyinyi, na robo iliyobaki ni AA. Ila wengi hapa wanakosea, hata waliosoma: wanadhani robo maana yake katika watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa, kwa hiyo wakishampata huyo mmoja, watatu wanaofuata wako salama. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka juzi. Kuna wazazi AS wenye watoto watano wazima wote, na kuna wenye watatu na wote watatu ni SS.

Sitakuambia urudishe pete, na sitakuambia uendelee. Ninalokuambia ni kwamba kauli ya mchumba wako, "Mungu yupo", ni kweli, lakini haijibu swali mnaloulizwa. Mungu yupo pia kwa mama anayelala wodini wiki mbili. Kaeni wawili, bila mama na bila kamati, muongee mambo ya kawaida kabisa. Akizaliwa SS, nani ataomba ruhusa kazini kila mara? Bima ya nani itamhudumia? Mtaishi wapi, na hospitali yenye benki ya damu iko umbali gani? Mkipata mmoja mgonjwa, mtaendelea kuzaa au mtasimama? Mkiweza kujibu bila kugombana, hilo nalo ni jibu. Mkigombana, bora mgombane sasa.

Na una bahati ambayo wengine hawana: kwa kina mchumba wako kuna mtu mwenye ugonjwa huu. Nenda ukakae na mama mkwe wako mtarajiwa, umsaidie kuchambua mchicha, umuulize ilikuwaje. Halafu muulize na huyo shemeji yako mwenyewe, kwa heshima. Nasema hivi kwa sababu najua wapo wasomaji wangu walio SS, watu wazima, wengine walimu, wengine mafundi, na najua inavyochoma kukaa mahali watu wanajadili namna ya kuhakikisha mtu kama wewe hazaliwi. Kwenu nasema: sina maana hiyo. Mtu anayetaka kujua kabla hajazaa hakutukani wewe. Anajaribu kuwa mzazi aliyejiandaa, jambo ambalo wengi wa wazazi wenu hawakupewa nafasi.

Njia nyingine zipo, nizitaje haraka. Mimba inaweza kupimwa ikiwa changa, kuanzia wiki ya 10 au 11 hivi, kwa kuchukua kipande kidogo cha kondo, au baadaye kwa maji ya uzazi. Lakini sheria yetu hairuhusu kutoa mimba kwa sababu mtoto ana selimundu, kwa hiyo jiulize mapema majibu hayo utayafanyia nini, zaidi ya kujiandaa. Kuna pia kutunga mimba maabara, kiinitete kikapimwa kabla ya kupandikizwa. Ni gharama kubwa, na hata wenye nazo si kila mara hufanikiwa. Na kuna wanaoamua kulea mtoto wa kuasili. Hakuna aibu katika lolote kati ya hayo.

Niseme neno kwa viongozi wa dini kabla sijasahau, maana ninyi ndio mnaowatuma wachumba kupima. Cyprus walikuwa na ugonjwa wa damu unaofanana na huu kwa kurithiwa, thalasemia. Mwaka 1983 kanisa lao la Orthodox likaanza kudai cheti kabla ya kufungisha ndoa. Cheti hakikumzuia mtu kuoana na ampendaye, kilithibitisha tu kwamba wamepimwa na wameshauriwa. Walioambiwa wote ni wabebaji wengi wao walioana hivyo hivyo, lakini walijua, wakatumia vipimo vya mimba, na watoto wapya wenye ugonjwa wakakaribia kwisha. Saudi Arabia nao walifanya kipimo kuwa lazima mwaka 2004, na miaka ya mwanzo wachumba wengi walioambiwa hawalingani walifunga ndoa hata hivyo. Ndugu wameshaalikwa, ukumbi umeshalipiwa, nani atathubutu? Kwa maoni yangu, kipimo cha kabla ya ndoa kinachelewa. Mtu apime akiwa kidato cha nne, kabla moyo haujaenda popote. Wazazi wenye mabinti na vijana wa umri huo, mnanisikia.

Kutoka Tanga nina barua nyingine, na hii imenikalia rohoni. Mama ana mtoto wa miaka miwili, amegundulika SS. Mume akaenda kupima, akaambiwa hana. Mawifi wakashika hapo hapo: "Daktari amesema ugonjwa unatoka kwa wazazi wote wawili, kaka yetu hana, basi mtoto si wake." Mume ameacha kula nyumbani, anazungumzia kupima DNA. Mama anaapa hajamjua mwanamume mwingine.

Mdogo wangu wa Tanga, pole sana. Na wewe shemeji, najua gazeti hili linafika mezani kwako, nisome taratibu.

Anza na kuuliza ulipimwaje. Kipimo cha zamani ambacho bado kipo kwenye maabara nyingi ndogo ni hiki: tone la damu linawekwa kwenye kioo, linachanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, linafunikwa, linaachwa kidogo, kisha mtaalamu anatazama kwenye hadubini kama chembe zimepinda. Kipimo hicho hakitofautishi AS na SS, kwa wote wawili chembe hupinda. Na dawa ikiwa imechakaa au mtazamaji ana haraka, mwenye AS anaweza kuambiwa hana. Kwa hiyo jibu la "unayo" au "huna" lisikutoshe. Dai uandikiwe herufi: AA, AS au SS. Herufi hizo hupatikana kwa mashine inayotenganisha aina za himoglobini, zipo kwenye hospitali za rufaa, au kwa vile vipimo vya haraka vya kikaratasi ambavyo siku hizi vinafika hadi zahanati, tone moja la damu ya kidole na mistari inajitokeza ndani ya dakika chache.

Pia, je, kuna aliyeongezewa damu karibuni kabla ya kupima? Damu ya mtu mwingine ikiwa bado inazunguka mwilini, unapima mchangiaji. Subirini kama miezi mitatu, mpime upya.

Kuna na jambo la tatu ambalo mawifi hawajawahi kulisikia. Inawezekana baba asiwe na S kabisa na mtoto bado akawa wake. Ikiwa baba anabeba thalasemia ya beta, kwenye kipimo cha haraka ataonekana AA wa kawaida. Mtoto akichukua S ya mama na thalasemia ya baba, damu yake inaweza kuonekana kama ya SS na akaumwa vile vile. Thalasemia ipo zaidi kwa watu wenye asili ya Uarabuni, Uhindini na nchi za Mediterania, na nani wa kuniambia hapo Tanga hakuna mchanganyiko huo? Ombeni baba apimwe kwa kina: wingi wa damu, ukubwa wa chembe, na himoglobini A2.

Baada ya hayo yote, kama shaka bado ipo, kipimo cha DNA kina utaratibu wake. Sheria ya mwaka 2009 inasimamia jambo hilo, kipimo ni cha Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi hupitia njia zinazotambulika kama mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii. Wifi mwenye hasira hana fomu ya kuomba. Na nyie mawifi, nikiwauliza S ya mama ilitoka kwa nani, mtasema kwa wazazi wake. Na wazazi wake? Inaweza kupita vizazi vinne kimya, AS akimzaa AS, hakuna anayeumwa, hadi siku wawili wanakutana. "Kwetu ugonjwa huu haupo" maana yake ni kwamba kwenu hakuna aliyepimwa.

Huyo mtoto sasa, maana katika vita vya wakubwa yeye ndiye anayesahaulika.

Wengi mmeniandikia mkishangaa: alizaliwa na kilo tatu na nusu, mzuri, hana tatizo, imekuwaje miezi sita baadaye avimbe mikono? Watu husema kuna aliyemtazama vibaya. Tangu mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York alishaeleza. Mtoto mchanga huzaliwa na himoglobini ya tumboni, inaitwa F, ambayo haina hiyo hitilafu. Akikua inapungua, nafasi yake inachukuliwa na ile ya ukubwani, na kama ni S, basi kati ya miezi minne na sita dalili zinaanza. Mara nyingi ni vidole. Mikono na miguu inavimba kama imejaa maji, mtoto analia ukimshika, hataki kusimama. Ukiona hivyo, achana na habari ya kumkanda kwa maji ya moto siku tatu, mpeleke.

Na ugonjwa hausubiri dalili ndipo uanze kuharibu. Bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kupambana na vijidudu, huziba na kudhoofika mapema sana. Ndiyo maana watoto hawa wanakufa na nimonia na sumu ya vijidudu kwenye damu kabla mtu hajajua wana nini. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa, ile ya bei rahisi, mara mbili kwa siku, ilipunguza maambukizi hayo makali kwa asilimia 84. Kwa hiyo mtoto anayejulikana ni SS anaanzishiwa penisilini akiwa na miezi miwili au mitatu hadi atimize miaka mitano, anapata chanjo zote, ya nimonia ikiwemo, anapewa foliki, analala ndani ya chandarua kila siku. Msikie hapa vizuri: AS inakinga malaria, SS haikingi. Malaria kwa mtoto SS ni hatari mara mbili, kwa kuwa damu yenyewe tayari iko chini.

Penisilini haitolewi kwa mtoto ambaye hajulikani. Jamaica walilijua hilo mapema: kuanzia 1973 walipima watoto 100,000 mfululizo waliozaliwa kwenye hospitali ya wazazi ya Kingston, wakawafuatilia waliokutwa na ugonjwa, wengine hadi utu uzima. Wewe uliye AS na mwenzio AS, usingoje mpango wa taifa wa kupima watoto wachanga ukufikie kijijini. Siku unajifungua, mwambie mkunga. Ni tone la damu ya kisigino.

Wajamaika hao waliwafundisha kina mama jambo moja ambalo halihitaji umeme wala bajeti. Bandama ya mtoto SS inaweza kuvimba ghafla na kuvuta damu nyingi, mtoto akapauka na kuzimia ndani ya saa chache. Basi mama akafundishwa kuipapasa. Mlaze mtoto chali, akiwa ametulia, magoti yamekunjwa kidogo. Weka vidole vya mkono wako tumboni upande wake wa kushoto, anzia chini karibu na kitovu, panda taratibu kuelekea mbavuni kila anapovuta pumzi. Bandama iliyovimba itagonga ncha za vidole vyako. Wauguzi wengine huchukua kijiti cha aiskrimu, wakakiweka pembeni mwa tumbo na kuchora alama ilipofika, mama akaondoka nacho. Ukipapasa nyumbani na imeshuka kupita alama, na mtoto amepauka midomo na viganja, usisubiri kuche. Kina mama wa Jamaica walipoanza kufanya hivyo, vifo vya namna hiyo vilipungua sana. Muombe muuguzi akuelekeze, ashike vidole vyako avipeleke yeye mwenyewe mara ya kwanza.

Dawa ya kuulizia kliniki inaitwa haidroksiurea. Wengine mmeogopa kwa sababu mmesikia ni ya saratani. Ni kweli ilianzia huko. Kwa mgonjwa wa selimundu inatolewa kwa kipimo cha chini zaidi na kazi yake ni kuiamsha ile himoglobini F ya utotoni, inayozuia chembe kupinda. Swali kubwa lilikuwa: je, ni salama kwa watoto wetu, wenye malaria na lishe ya kubahatisha? Majibu yalitoka 2019, kwenye utafiti wa watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Maumivu makali yalipungua zaidi ya nusu. Malaria, ambayo watu waliogopa ingeongezeka, nayo ilipungua kwa nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na mwenye mimba au anayetafuta mtoto aongee na daktari kwanza, mwanamume naye vivyo hivyo. Ukifika dirisha la dawa ukaambiwa haipo, usikunje karatasi ukaondoka. Uliza itaingia lini, hospitali gani jirani wanayo, na bima yako inasemaje.

Sasa baba wa Kigoma. Ameandika kwa mwandiko mzuri sana, nampongeza. Kijana wake ana miaka 11, SS, amelazwa mara nyingi. Amesikia redioni kwamba Wazungu wamepata tiba ya kubadilisha jeni na mgonjwa anapona kabisa. Anataka kuuza shamba la michikichi, ekari zote, ampeleke.

Baba, habari uliyoisikia ni ya kweli. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba mwaka huo huo Marekani, waliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Inatumia kifaa cha kukata vinasaba ambacho kiliwapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel mwaka 2020. Hawaigusi hata hiyo S. Wanachofanya ni kuzima swichi ya jeni nyingine, BCL11A, ambayo ndiyo inayoinyamazisha himoglobini F mtoto anapokua. Ikizimwa, F inarudi. Jeni hiyo ilipogunduliwa, ilipimwa pia kwa wagonjwa wa Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake wanawafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004, na utafiti uliochapishwa 2011 ukaonyesha inahusika kwa Watanzania kama kwa wale wa Uingereza. Kwa hiyo mtu akikuambia sayansi hii haituhusu, mwambie kuna watu walitoa damu zao pale Upanga. (Nanyi mnaoombwa kuchangia damu ya utafiti: ulizeni itatunzwa wapi na nani atairuhusu itumike tena, na baada ya kujibiwa, msiogope kutoa. Waafrika ni wachache mno kwenye tafiti za jeni za dunia, na dawa nyingi zinatengenezwa bila sisi kuwemo.)

Lakini bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mikoa mizima ya michikichi haifiki. Na hata kwa mwenye fedha, si sindano ya siku moja. Wanakusanya mbegu za damu za mgonjwa, wanazipeleka kiwandani zikahaririwe, kisha mgonjwa anapewa dawa kali ya saratani kuua uloto wake wa zamani kabla ya kurudishiwa mpya. Analazwa wiki kadhaa, nywele zinanyonyoka, na anaweza asizae tena. Victoria Gray, mama wa Mississippi aliyekuwa wa kwanza Marekani kuipata kwa ugonjwa huu mwaka 2019, amesimulia hadharani jinsi maisha yake yalivyobadilika, na pia jinsi safari ilivyokuwa ngumu.

Kwa hiyo yeyote atakayekupigia simu, baba, akikuambia ana "dawa ya kusafisha jeni" ya chupa mbili, laki tatu, mpenzi wa Mungu, huyo ni mwizi. Jeni haisafishwi kwa kinywaji. Wezi wa namna hiyo wameshaanza kutembea na habari hii, na watakuja na jina lolote litakalosikika kwenye taarifa ya habari.

Tiba ya kuponya ambayo imekuwepo kwa miaka mingi ni kupandikiza uloto kutoka kwa ndugu, na hapa nchini Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwafanyia watoto wenye selimundu. Sharti kubwa ni mtoaji anayelingana, na anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, ambaye si SS. Kila ndugu wa aina hiyo ana uwezekano wa robo kulingana naye. Umeandika kijana ana dada zake wanne. Ulinganifu huo unaanza kutafutwa kwa kipimo cha damu tu, na gharama yake haifanani hata kidogo na ya upandikizaji wenyewe. Nenda hospitali ya mkoa, uombe rufaa, uulize habari ya haidroksiurea kama bado hajaanza, na uulize wapi hao mabinti watapimiwa. Shamba, baba, usiliuze kwanza.